Vazi Hushonwa, Sababu Je? Mhadhara Kuhusu Wonder Woman Kuingia Sinema

Wakubwa shikamooni, na vijana wenzangu nawasalimu. Waandaaji waliniomba nizungumzie namna mashujaa wa kike wa vitabu vya katuni wanavyopelekwa kwenye sinema. Sitawagusa wote. Nitamshika mmoja, Wonder Woman, kwa sababu kwake matatizo yote ya kazi hii yako wazi. Na hoja yangu naitoa mapema, ili atakayesinzia ajue amekosa nini: mwenye nguvu za ajabu hapati maisha kwenye sinema mpaka mwandishi na mwongozaji waweze kusema anataka nini. Vazi fundi atashona, kuruka kompyuta itamrusha, lakini haja yake haitoki kwenye bajeti.

Mwanamke huyu alitokea mara ya kwanza mwaka 1941. Aliyembuni ni William Moulton Marston, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefanya utafiti wa shinikizo la damu katika kumtambua mtu anayesema uongo. Mchoraji alikuwa H. G. Peter. Superman alikuwa amemtangulia kwa miaka 3 tu, Batman kwa miaka 2. Sasa angalieni foleni ilivyokwenda. Superman alipata filamu yake kubwa mwaka 1978. Batman alipata yake 1989, na hadi 2016 alikuwa amekwisha kuigizwa na Keaton, Kilmer, Clooney, Bale na Affleck. Wanaume watano, suti moja! Wonder Woman alipata mfululizo wa televisheni kuanzia 1975 hadi 1979, Lynda Carter akiwa ndani ya vazi, na watu wakampenda kwelikweli. Kwenye sinema, filamu iliyobeba jina lake ilikuja 2017.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Joss Whedon alipewa kazi ya kuandika na kuongoza mwaka 2005, akaachana nayo 2007. George Miller alikuwa ameshamchagua Megan Gale acheze Wonder Woman katika filamu ya kundi zima la mashujaa. Mradi ukafa 2008. Mwaka 2011 ilirekodiwa hata sehemu ya majaribio ya televisheni, na kituo kikaikataa.

Sababu iliyokuwa ikitajwa maofisini ilikuja kuonekana kwa bahati tu. Barua pepe za studio ya Sony zilipovuja, ikakutwa moja ya mwaka 2014 kutoka kwa Ike Perlmutter, bosi wa Marvel, kampuni ya katuni na filamu za mashujaa, wakati huo, ikiorodhesha filamu tatu za mashujaa wa kike kama mifano ya hasara: Supergirl ya 1984, Catwoman ya 2004 na Elektra ya 2005. Filamu tatu ndani ya miaka 21, kesi ikafungwa.

Mimi nimezitazama zote tatu, na siwatetei waliozitengeneza. Chukueni Catwoman. Halle Berry alikuwa na tuzo ya Oscar nyumbani. Na njama ya filamu? Kampuni ya vipodozi inataka kuuza krimu ya uso yenye madhara. Steringi wa kiume anakabidhiwa jiji zima aliokoe, huyu dada anakabidhiwa krimu. Filamu iligharimu karibu dola milioni 100 na haikurudisha fedha hizo, lakini somo lililochukuliwa na wakubwa likawa kwamba watazamaji hawataki mwanamke. Filamu ya mwanamume ikianguka, anafukuzwa mwandishi. Hapa ilifukuzwa jinsia nzima.

Tuje kwenye ufundi wenyewe. Kitabu cha katuni kina ruhusa ambazo kamera haina. Ndege ya Wonder Woman isiyoonekana ni mfano mzuri. Kwenye karatasi, Peter anachora mistari michache ya umbo la ndege, msomaji anaafiki, maisha yanaendelea. Televisheni ilipojaribu jambo hilohilo, tukamwona Lynda Carter ameketi hewani, magoti yamekunjwa, kama abiria aliyesahaulika. Filamu ya 2017 ikaiacha ndege kabisa, na sikumsikia mtu akiililia.

Kamba ya dhahabu ni hadithi nyingine. Katika katuni za mwanzo, aliyefungwa kwa kamba ile alilazimika kutii. Marston alikuwa na nadharia zake kuhusu utii, nyingine za ajabu, na nitawaachia wanasaikolojia mlio hapa. Baadaye kamba ikawa ya kumfanya mtu aseme kweli, na hiyo ndiyo filamu iliyoichukua. Mtu anayetii amri hana la kuigiza. Anayelazimika kusema kweli huku akiuma meno ili asiseme, huyo mwigizaji yeyote atamgombania. Ndiyo maana Chris Pine, anayecheza rubani Steve Trevor, anachekesha pale anapofungwa kamba na kujikuta anakiri kwamba yeye ni jasusi.

Patty Jenkins alikabidhiwa kuongoza filamu hiyo ya 2017 mwaka 2015, baada ya Michelle MacLaren kuondoka. Gal Gadot alikuwa amekwisha kuchaguliwa kucheza Wonder Woman tangu 2013. Uamuzi mkubwa kuliko yote ulikuwa wa vita. Katuni ilizaliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, adui akiwa Hitler. Filamu ikarudi nyuma hadi 1918, Vita Kuu ya Kwanza, ambayo mpaka leo wanahistoria wanabishana nani aliianzisha na kwa nini. Diana, ndilo jina la Wonder Woman mwenyewe, binti wa kisiwani, anaamini kwamba kuna mungu mmoja mbaya, Ares, na akiuawa watu wataacha kuuana. Kwenye vita vya 1918 imani hiyo inaumia vizuri, kwa sababu kila upande una rashasha, na mkosaji hawezi kunyooshewa kidole kirahisi.

Sasa lile tukio la handaki. Filamu imeshapita saa moja na bado hatujamwona akiwa ndani ya vazi lake lote. Amefunikwa koti na joho. Mbele ya Diana na wenzake kuna uwanda wa tope kati ya majeshi mawili. Mwanamke aliyebeba mtoto anamshika Diana na kumweleza kijiji chake kilivyotekwa. Steve Trevor anamjibu kiaskari: kikosi hiki kiko hapa karibu mwaka mzima na hakijasogea, hatuwezi kumwokoa kila mtu. Diana anageuka, anavaa taji, anapanda ngazi. Tunaoneshwa buti kwenye kipago cha ngazi, kisha ngao mgongoni, kisha risasi ya kwanza ikigonga bangili.

Tazameni rangi. Kila kitu pale ni kijivu na kahawia, mbingu na matope yamefanana. Nyekundu na buluu zinazosonga mbele ni zake peke yake. Vazi ambalo kwenye karatasi lilikuwa pambo la bendera ya Marekani, hapa linakuwa shabaha: Wajerumani wote wanaliona na wote wanalilenga. Halafu anapiga goti nyuma ya ngao, rashasha zinammiminia yeye tu, anazuiwa pale pale. Hampigi mtu. Na kwa kuwa risasi zote ziko kwake, wanaume walioganda mwaka mzima wanapata nafasi ya kuvuka.

Jenkins ameeleza katika mahojiano kwamba baadhi ya wenzake hawakuelewa tukio lile lina kazi gani, kwa kuwa hakuna adui maalumu wa kupigana naye. Ikabidi alipiganie. Naona swali lao lilikuwa la haki kwa mtu aliyezoea kuuliza shujaa anampiga nani. Yeye alikuwa na jibu la swali jingine.

Mwisho wa filamu sina raha nao. Diana na Ares wanarushiana vyuma na umeme usiku, kompyuta imeshika usukani, na lile swali gumu la nani mkosaji linazimwa kwa mlipuko. Jenkins alisema baadaye kwamba studio ndiyo iliyotaka mwisho wa namna ile. Watazamaji walisamehe: zaidi ya dola milioni 820 duniani kote.

Mwendelezo wake ulitoka Desemba 2020, katikati ya korona, majumba mengi yamefungwa, kwa hiyo mapato yake hayatuambii kitu. Skripti ndiyo inayosema. Diana anataka mpenzi wake aliyekufa, Steve, arudi, na anarudi ndani ya mwili wa mwanamume mwingine ambaye hakuna aliyemwomba ruhusa. Yaani mwanamke aliyepanda ngazi kwa ajili ya kijiji asichokijua, sasa hamuulizi mtu mmoja aliye kitandani mwake! Haja ipo, lakini si ya Diana tuliyemjua. Filamu ya tatu ilisimamishwa Desemba 2022.

Mama pale nyuma ametikisa kichwa tangu nilipotaja Catwoman. Mpeni kipaza sauti, naona ana kesi na mimi.