Pasi Isiyorushwa Haina Gredi

Haya asanteni, kaeni jamani, wazee wangu shikamooni. Mada mnaijua, wengine humu mmeshanisikia nikiipigia kelele mpaka mmechoka, ila nitaipiga tena kwa sababu kila Jumatatu ni yale yale: mechi za NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, zimeisha, gredi za wachezaji, zile alama za 0 hadi 100, zimetoka, mtu anapiga skrinshoti anatupia kwenye grupu, "huyu kona kapata 48, hafai, aachwe", basi kesi imekwisha, hakuna aliyeangalia mechi, hakuna aliyeuliza timu ilikuwa inacheza kava gani, yaani mpango gani wa kuzuia pasi. Namba imesema. Na mimi naudhika, nasema wazi. Hesabu nazipenda, mnaonijua mnajua nakesha nazo, ila kuzuia pasi ndiyo kazi ngumu kuliko zote kupimika kwenye huu mchezo na watu wanaisoma kama wanasoma homa kwenye kipimajoto.

Kwa wageni, kwa ufupi tu: kona ni mlinzi wa pembeni anayekaba wapokeaji wa pasi, sefti ni mlinzi wa nyuma kabisa, kwotabeki ndiye mrushaji, na plei ni shambulio moja, mpira ukianza mpaka ukifa. Niingie moja kwa moja kwa kona wa zamani, Nnamdi Asomugha.

Najua, najua, huyu naye na Asomugha wake. Ndiyo, na leo tena, kwa sababu sijaona mfano mwingine unaobeba jambo hili lote peke yake.

Asomugha, mtoto wa wazazi wa Kiigbo kutoka Nigeria, Raiders, enzi hizo timu ya Oakland, walimchukua raundi ya kwanza ya kugawana wachezaji wapya mwaka 2003. Misimu mitatu ya mwanzo hakunasa pasi ya adui hata moja. Msimu wa 2006 akanasa 8. Nane! Sasa fuateni zinazofuata: 2007 akanasa moja, 2008 moja, 2009 moja, 2010 sifuri. Mpe karatasi hiyo mtu asiyemjua, atakwambia jamaa alibahatisha mwaka mmoja kisha akaporomoka. Na ndiyo miaka hiyo hiyo, 2008, 2009 na 2010, aliyokwenda Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, mara tatu mfululizo, tena 2008 na 2010 akawa ol-pro kikosi cha kwanza, yaani kikosi bora cha msimu. Watu waliopiga kura hawakuwa wamelewa. Waliona kwamba makwotabeki wameacha kurusha upande wake. Kwotabeki anapokea mpira, anatupa jicho kulia kwa Raiders, anaona jezi 21 imesimama pale, anageukia upande mwingine, na plei inaendelea kama vile ile robo ya uwanja haipo.

Sasa nambieni, plei hiyo unaiandikaje? Hakuna pasi, hakuna mpokeaji aliyeshika, hakuna yadi, hakuna pasi iliyogongwa, hakuna takol, yaani kumwangusha mwenye mpira. Mstari mtupu. Kazi nzuri kuliko zote aliyoifanya yule bwana mchana kutwa haikuacha alama kwenye karatasi, na kona mwenzake wa upande wa pili, ambaye kila mtu anamrushia, siku anayogonga pasi tatu anaonekana ndiye mchapakazi.

Hapo kuna mtu ataniambia, ah mwalimu umepitwa na wakati, siku hizi tunahesabu na mara ambazo mtu hakulengwa, tunagawa kwa plei alizokaa kwenye kava, tatizo limekwisha. Halijaisha! Subiri. Raiders wa miaka ile walikuwa wanafungwa hovyo, 2007 walishinda mechi 4 tu, 2008 wakashinda 5, 2009 tena 5. Timu inayoongoza robo ya nne, ile ya mwisho, hairushi, inakimbia na mpira, inaua saa. Kwa hiyo sehemu ya ule ukimya upande wa Asomugha ni sifa yake na sehemu ni kwa sababu adui hakuwa na haja ya kurusha. Na alikuwa anakaa upande mmoja, hamfuati mpokeaji mkali kila anakokwenda, kwa hiyo kocha wa upande wa pili anaweza kumpeleka mpokeaji wake bora kule kwingine na kumwachia Asomugha yule wa tatu. Na yule kona mwingine akiwa dhaifu, mpira utamfuata yeye hata kama Asomugha siku hiyo anachechemea. Mambo manne yote yanaonekana kwenye karatasi kama kitu kimoja: hakulengwa. Utayatenganishaje kwa kugawanya?

Halafu sasa sikilizeni sehemu ya pili ndiyo yenye uchungu. 2011 Eagles wa Philadelphia wakampa mkataba wa miaka 5, dola milioni 60. Mtu yule yule. Kule Raiders walikuwa wanacheza sana mtu kwa mtu, kazi yake iko wazi, huyu wako, mbane hapo kwenye laini plei inapoanzia, kufa naye. Philadelphia wakamhamisha huku na kule, mara ndani kwa mpokeaji wa kati, mara nyuma, zoni nyingi, yaani kulinda eneo siyo mtu, pembeni yake wako makona wenzake Asante Samuel na Dominique Rodgers-Cromartie nao kila mmoja ana mtindo wake, na mratibu wa ulinzi, Juan Castillo, alikuwa ametolewa kufundisha laini ya washambuliaji. Timu ikaishia 8 kwa 8, ushindi 8 na vipigo 8. Oktoba 2012 Castillo akafukuzwa, Machi 2013 Asomugha akaachwa. Umri nao ulikuwepo, sikatai, alikuwa ameshatimiza 30, kona wa 30 miguu inaanza kudai. Lakini mtu aliyekuwa anaamini gredi ya Oakland ni mali ya Asomugha, kitu anachotembea nacho mfukoni popote aendapo, alipigwa butwaa. Ile gredi ilikuwa ya Asomugha pamoja na upande wa kulia, pamoja na mtu kwa mtu, pamoja na matokeo ya ubao. Ukibadilisha vitatu ukabakiza kimoja, unategemea nini?

Na siku nyingine ukimya unakuwa safi kabisa, hauna utata. Septemba 4, 2014, mechi ya ufunguzi, Packers wako Seattle kwa Seahawks. Richard Sherman, kona wa Seahawks, anasimama kushoto kama kawaida yake na Aaron Rodgers wa Packers, mmoja wa warushaji bora waliowahi kuzaliwa, hakurusha upande ule hata mara moja. Mechi nzima! Seahawks wakashinda 36 kwa 16. Sherman usiku ule alimfungia Rodgers theluthi ya uwanja na takwimu zake za kuzuia pasi zilikuwa kama za mtu aliyebaki nyumbani.

Sasa tuje kwenye hizi gredi zenyewe maana mtasema naongelea takwimu za zamani, gredi ni kitu kingine. Sawa. PFF, kampuni ya kupima wachezaji, ndio wanaotajwa zaidi, kazi ilianzishwa na Mwingereza Neil Hornsby, 2014 mtangazaji Cris Collinsworth akanunua sehemu kubwa. Mtu anakaa na video, kila mchezaji kila plei anapewa alama kuanzia hasi 2 hadi chanya 2, kwa nusu nusu, sifuri ikiwa kafanya kilichotarajiwa, halafu vyote vinageuzwa kuwa skeli ya 0 hadi 100 ile mnayoiona. Ni kazi ya kweli, watu wanasumbuka, siwadharau hata kidogo. Kwa laini ya mbele, kwa wanaomkimbilia kwotabeki, naikubali kwa kiasi kikubwa, maana pale ni wawili wanasukumana na unaona nani kamshinda nani. Kwenye kava ndipo pananishinda.

Chukueni kava 4, ile ya kufuatana na njia za wapokeaji. Sefti anaambiwa hivi: mpokeaji wa ndani akienda wima, mchukue huyo, akikata mapema kwenda nje, muachie lainibeka, mlinzi wa katikati, wewe nenda kamsaidie kona kwa yule wa nje. Kona kwa hiyo anakaa upande wa nje makusudi, njia ya ndani anaiacha wazi kwa sababu ameahidiwa kuna mwenzake. Haya, wa ndani anakata nje, sefti anadanganyika na ile feki ya kumpa mpira ranibeki, yule mkimbiaji, anapanda mbele hatua tatu, wa nje anakata ndani kuelekea nguzo za goli, mpira unamkuta peke yake, tachidauni, bao. Kamera inaonyesha nini? Inaonyesha kona anakimbia nyuma ya mtu kwa yadi tatu. Uwanja mzima unamzomea kona. Anayetoa gredi, kama ana macho makali, atashuku, lakini plei ile ile ikiwa imeitwa kava nyingine kosa ni la kona kweli, na karatasi ya kocha yeye hana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Lakini timu zote 32 zinanunua data zao!" Ndiyo, zinanunua. Zinanunua kujua nani alikuwa uwanjani, alisimama wapi, plei ngapi, wapinzani wakiwa dauni ya tatu, jaribio la tatu kati ya manne, wanapanga vipi. Hiyo ni dhahabu, inaokoa makocha usiku mzima wa kuhesabu. Lakini wachezaji wao wenyewe makocha wanawapa alama wenyewe kwa sababu wao ndio walioita kava. Kununua chati ni jambo moja na kukubali hukumu ni jambo lingine.

"Basi tuangalie kwa macho?" Macho ya wapi? Kamera ya TV inafuata mpira, sefti hayumo kwenye picha mpaka mpira unafika. Zile video za kuonyesha wachezaji wote 22 mashabiki walianza kuuziwa mwaka 2012 tu, kabla ya hapo tulikuwa tunabishana juu ya watu ambao hatukuwaona. Anayetaka kubishana na mimi kuhusu sefti aangalie hizo kwanza halafu tuongee.

Naona naonyeshwa saa. Ngoja nitaje hii moja ya hesabu maana ni muhimu, mengine nitayaruka.

Reti ya mrushaji dhidi ya kona, yaani alama anazopata kwotabeki akimlenga kona huyo, zikiwa chini ndiyo sifa ya kona. Mnaiona sana, "akilengwa yeye kwotabeki anapata reti 63, huyu ni simba". Fomula hiyo NFL waliichukua 1973 kumpima mrushaji wa msimu mzima, siyo kona. Hebu tupige hesabu pamoja, mfano wa kutunga: kona kalengwa mara 30, wameshika 18, yadi 200, tachidauni moja, hajanasa kitu. Reti inatoka 91, kona wa kawaida tu. Sasa chukua kona huyo huyo, pasi zile zile, ila mipira miwili kati ya ile iliyoanguka chini ilimgonga kifuani na safari hii akaishika. Reti inashuka hadi 63. Mipira miwili! Kava haijabadilika hata inchi, miguu ni ile ile, na mtu katoka kwenye "auzwe" akaingia kwenye "mpeni mkataba". Kulengwa mara 30 si kitu, kona mzuri asiyelengwa anaweza kumaliza nusu ya msimu na hizo tu, kwa hiyo kadiri mtu anavyokuwa bora ndivyo namba yake inavyoyumba. Hapo kila siku natamani kulia.

Na kunasa pasi, Trevon Diggs, kona wa Cowboys, 2021, haraka haraka: akanasa 11, hakuna aliyefika hapo tangu Everson Walls, naye wa Cowboys, mwaka 1981. Ol-pro kikosi cha kwanza. Msimu huo huo PFF wakamwandikia zaidi ya yadi 1,000 alizoruhusu na wahesabuji wengine wakapata chini ya hapo. Video ni moja! Wanatofautiana kwa sababu lazima mtu aamue pasi hii ni ya nani, na huo uamuzi ndio niliokuwa nausema kwenye kava 4. Kwa hiyo hata kile kinachoitwa takwimu tupu kina gredi ndani yake.

Za timu? Za timu zina nafuu ila siyo yadi, tafadhali, msiniletee yadi. Packers wa 2011 walikuwa wa mwisho ligi nzima kwa yadi za pasi walizoruhusu, wa 32, Patriots wakawa wa 31. Packers walimaliza 15 kwa 1 wakaongoza ligi kwa kunasa pasi, 31, Patriots 13 kwa 3 wakafika Super Bowl, fainali ya ligi. Walikuwa wanaongoza kila wiki, wapinzani hawana la kufanya ila kurusha. Angalieni yadi kwa kila pasi, angalieni dauni ya tatu.

Presha kwa kwotabeki nilitaka niikalishe peke yake, muda hautoshi. Sekunde mbili na nusu kona yeyote wa NFL anakaba, sekunde nne hakuna binadamu anayekaba, na gredi ya kona haikuonyeshi ilikuwa zipi. Chipu za kwenye pedi za mabega, sawa, ligi nzima tangu 2015, zinatuma mahali alipo kila mchezaji mara 10 kwa sekunde, na nina matumaini nazo makubwa maana angalau plei isiyorushwa inabaki na kumbukumbu: tunajua kona alikuwa umbali gani na mtu wake hata kama mpira ulikwenda kwingine. Asomugha wa leo asingekuwa na mstari mtupu. Ila chipu inakwambia alikuwa wapi, aliambiwa awe wapi haikwambii.

Kwa hiyo ukiniletea gredi ya kona Jumatatu, niletee na alicheza upande gani, timu ilicheza zoni au mtu kwa mtu kwa kiasi gani, na alilengwa mara ngapi kati ya plei ngapi. Ukiwa navyo tutakaa mpaka asubuhi. Lainibeka sijawafikia kabisa na kuna kijana nilimwahidi, nisamehe, tutaongea hapo nje. Haya dada wa pale nyuma, umenyoosha mkono muda mrefu, anza wewe.