Kabla shehe hajafika sebuleni, notisi iwe imekwisha tolewa

Asalaam alaykum, habari za jioni. Shikamooni wazee wangu. Nyinyi wa Tanga, wa Unguja, wa Mombasa, na wenzangu mlio huku kwenye baridi, karibuni.

Leo ni siku ya tisa tangu mimi na mchumba wangu tutoe notisi ya ndoa, yaani taarifa rasmi kwa msajili wa serikali kwamba tunataka kuoana. Nilikuwa nimejiapiza nisirekodi chochote mpaka harusi ipite, maana kwetu jambo la heri halitangazwi mapema, jicho la watu ni baya. Lakini hapa sheria yenyewe ndiyo inayotaka litangazwe. Pale ofisi ya usajili tumebandikwa: majina yetu, umri wetu, kazi zetu, uraia wetu na mahali tutakapofungia ndoa, na mtu yeyote anaruhusiwa kusoma. Basi kama mpita njia wa hapa Leicester, Uingereza, anaweza kujua habari zangu, nyinyi ndugu zangu mna haki zaidi yake.

Msidhani ni mambo ya Wazungu haya. Waliokulia jirani na kanisa wanajua ndoa inavyotangazwa Jumapili baada ya Jumapili ili mwenye pingamizi ajitokeze. Na bomani kwetu ni vilevile. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inawataka wanaotaka kuoana watoe taarifa kwa msajili angalau siku 21 kabla, na mwanamume anayetaka kuongeza mke hapo ndipo anapotakiwa kuwataja wake alionao. Kenya nako sheria yao ya 2014 inasema siku 21 kwa ndoa ya kiserikali. Hapa England na Wales ni siku 28. Scotland wana utaratibu wao, fomu zinatakiwa ziwe zimefika kwa msajili siku 29 kabla. Shabaha ni ileile kila mahali: kama bwana ana mke mahali, au bibi ana mume, au mtu analazimishwa, kuwe na muda wa mtu kusema.

Sasa niwapeleke chumbani kwa msajili, siku tuliyotoa notisi, kwa sababu hapo ndipo nilipopata hamu ya kuwasha kamera.

Msajili alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Akamtoa mchumba wangu nje kwanza, akabaki na mimi. Jina lake kamili? Amezaliwa lini? Anafanya kazi gani? Anaishi wapi? Halafu mimi nikatoka, akaingia yeye, akaulizwa yangu. Hapo hakuna la kuogopa kama mnajuana. Akakagua pasi, akakagua uthibitisho wa makazi, maana lazima uwe umeishi katika eneo hilo angalau siku saba kamili kabla ya kutoa notisi. Mchumba wangu amepanga chumba, bili zote ziko kwa jina la mwenye nyumba, kwa hiyo alibeba taarifa yake ya benki yenye anwani. Mkipanga chumba, lifikirieni hilo mapema.

Kisha akaniuliza, umewahi kufunga ndoa?

Nikafungua bahasha yangu. Nikaweka mezani karatasi mbili: cheti cha nikaha cha mwaka 2014 chenye muhuri, na waraka wa talaka niliopewa na masheikh wa hapahapa Uingereza. Akazisoma taratibu, zote mbili. Nikaha ilifungwa wapi? Nikamwambia, sebuleni, mji fulani hukuhuku Uingereza. Mlitoa notisi kabla yake? Hapana. Kulikuwa na msajili wa serikali? Hapana, alikuwepo shehe na mashahidi. Akanyamaza kidogo, akaandika, akanigeuzia skrini nihakikishe. Penye hali ya ndoa alikuwa ameandika kwamba sijawahi kuolewa.

Jamani. Miaka sita nimepika, nimelea, nimezaa mtoto wa kike ambaye sasa ana miaka minane. Nimekaa eda yangu mpaka siku ya mwisho. Na mbele ya sheria ya nchi ninayoishi, mimi ni mwari. Nikamwambia, ni sawa, endelea. Lakini mkono ulikuwa unatetemeka nilipokuwa naweka sahihi.

Hilo neno nilikuwa nimeshalisikia mara moja kabla. Mwaka 2020 tulipoachana nilikwenda kwa mwanasheria na bahasha hiihii. Akakisoma cheti cha nikaha, akanirudishia kwa upole, akasema hiki hakinipi mahali pa kuanzia. Nyumba ilikuwa kwa jina la mwenzangu. Kama ningekuwa mke kisheria, mahakama ingetazama mahitaji yangu na ya mtoto, na miaka niliyokaa nyumbani nikilea. Kwa kuwa sikuwa, ilinibidi nithibitishe pauni kwa pauni nilichotia kwenye nyumba ile. Nani anaweka risiti za mazulia na chakula kwa miaka sita? Matunzo ya mtoto ni haki yake mtoto, hayo hayaangalii kama wazazi walioana, namshukuru Mungu. Ila mimi mwenyewe nilitoka na masanduku mawili.

Na si kwamba mwanasheria wangu alikuwa mvivu. Mwaka huohuo wa 2020 Mahakama ya Rufani hapa ilitoa uamuzi katika kesi ya Bi Akhter na Bwana Khan. Walifunga nikaha London mwaka 1998, katika mgahawa, imamu yupo, mashahidi wapo, mahari ipo. Walikubaliana kwamba ndoa ya kiserikali itafuata. Bibi akawa anaikumbusha, bwana hataki. Wakapata watoto wanne. Walipoachana, mahakama ikasema sherehe ile haikuwa ndoa kwa sheria ya nchi, hata ndoa batili, yaani ndoa iliyofungwa ikawa na kasoro za kisheria, haikuwa. Na tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu mwenye ndoa batili bado anaweza kwenda mahakamani kuomba mgawanyo wa mali. Ambaye hana ndoa kabisa, hana hata pa kuomba.

Wangu naye alikuwa ananiambia, tutakwenda, subiri tumalize mambo ya nyumba. Subiri mtoto azaliwe. Subiri tupate nafasi. Nami niliona aibu kumsukuma, nikaona nitaonekana nafuata mali.

Kuna kitu kinatupoteza sisi tunaotoka Tanzania. Nyumbani, mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili na zaidi, majirani wakawajua kuwa ni mume na mke, sheria inachukulia kuwa wameoana mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Tunakuja na dhana hiyo kwenye begi. Nilikuwa naamini kabisa kwamba miaka sita inatosha. England hakuna kitu hicho. Hata mkae miaka thelathini, huwi mke kwa kukaa. Akifariki bila wasia, wewe si mrithi wake.

Naomba msinielewe vibaya, hasa masheikh wangu mnaonitazama. Nikaha ni ndoa yangu mbele ya Mungu, na safari hii pia nafunga nikaha, siku hiyohiyo tukitoka kwa msajili. Sijasema watu waache nikaha. Nasema iwe na mwenzake. Kuna misikiti huku iliyosajiliwa kufungisha ndoa ya kisheria palepale ndani, lakini hata humo notisi lazima iwe imetolewa kwanza na utaratibu ufuatwe. Shehe tuliyempata sasa, Mungu ampe umri, kabla hata ya kuuliza mahari aliuliza, notisi mmekwisha toa? Nilitamani nimbusu mkono.

Upande wa pili wa jambo hili nao nimeulizwa sana. Kuna dada aliolewa Zanzibar, nikaha halali yenye cheti, halafu akaja huku na mumewe. Yeye si kama mimi. Ndoa iliyofungwa nyumbani kwa kufuata sheria ya nyumbani, huku inatambuliwa. Kwa hiyo akitalikiwa kwa maneno au kwa waraka wa masheikh akiwa hapa Uingereza, hiyo haimvunjii ndoa kisheria. Ni mpaka apitie mahakama. Akienda kutoa notisi ya ndoa mpya na kusema hajaolewa, amesema uongo kwenye tamko rasmi, na sheria ya kiapo cha uongo ya 1911 inaruhusu kifungo hadi miaka saba. Akifunga ndoa hiyo, anaingia kosa jingine. Wanaume vilevile, ndugu zangu mliomwacha mke Pemba mkasema Pemba ni mbali.

Sasa mchumba wangu ni mtu wa Kilifi, yuko huku kwa viza ya kazi, anatunza wazee. Mimi nina uraia wa hapa. Ingekuwa sote ni raia, kila mmoja angetoa notisi katika eneo analoishi. Kwa kuwa yeye ana viza, tulitakiwa kwenda pamoja, katika ofisi iliyoteuliwa kwa ajili hiyo, na jalada letu linapelekwa Wizara ya Mambo ya Ndani. Wao wana siku hizo 28 za kuamua kama watatuchunguza. Wakiamua kuchunguza, 28 zinakuwa 70. Wanaweza kutuita, wanaweza kuja nyumbani. Utaratibu huu umekuja na sheria ya uhamiaji ya 2014, kwa ajili ya ndoa za kununua karatasi za kuishi huku, na ukikataa kushirikiana nao hawatatoa ruhusa ya ndoa.

Kwa hiyo mnaoniuliza tarehe, sina tarehe. Ukumbi sijalipia. Shangazi, ile tikiti usikate bado, nakuomba sana. Nimeona watu wamelipia ukumbi wa watu mia mbili, mchele umenunuliwa, nguo za sare zimeshonwa, halafu barua inakuja ya siku 70. Notisi ina uhai wa miezi 12 tangu itolewe, kwa hiyo muda wa pilau upo. Tusubiri barua kwanza.

Wasiwasi ninao, siwafichi. Usiku naamka naangalia simu. Lakini ni wasiwasi wa aina nyingine na ule wa zamani. Zamani nilikuwa nasubiri mtu apate nafasi. Sasa nahesabu siku zilizoandikwa.

Baba zangu, wajomba zangu, nyinyi mnaopigiwa simu na kijana kutoka ughaibuni anasema nimempenda binti yenu, hapa ndipo ninapowahitaji. Mnamuuliza ukoo. Mnamuuliza kama anaswali. Mahari mnaijadili mpaka saa sita za usiku. Ongezeni swali moja tu: notisi ya ndoa mtatoa lini, na ofisi gani? Atakayekuwa na nia atawajibu, na atawatumia karatasi ya miadi. Anayesema hayo ni makaratasi tu yatafuata baadaye, mwambieni na nikaha itafuata baadaye. Baba yangu angeuliza hivyo 2014 kama angejua. Hakuwa na wa kumwambia. Alitoa idhini kwa simu akiwa amekaa barazani, amevaa kanzu yake nyeupe kana kwamba yuko ukumbini, na alilia kwa furaha. Mungu amrehemu.

Nimalizie na jambo moja la mama yangu.

Katika mahojiano yale, msajili aliuliza majina ya wazazi wetu na kazi zao. Baba na mama. Nikauliza, na mama pia? Akaniambia ndiyo, tangu tarehe 4 Mei 2021. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1837, kumbukumbu za ndoa za nchi hii zilikuwa na nafasi ya baba peke yake. Akasema, mama yako anafanya kazi gani? Nikamwambia anapika vitumbua na kuuza, alfajiri kila siku, tangu mimi sijaanza shule, na ndivyo vilivyonisomesha. Kitumbua kikambidi nimweleze: unga wa mchele, tui la nazi, iliki, kile kikaango chenye vishimo. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaandika, mfanyabiashara wa vyakula, akaniuliza, hivi ni sahihi? Nikasema ni sahihi kabisa.

Sasa mama, najua mdogo wangu atakuonyesha hii. Jina lako kwenye cheti changu cha kuzaliwa limeandikwa neno moja, na wewe kwenye barua zako unaliandika maneno mawili. Mimi nilitaja la kwenye cheti. Kosa likionekana sasa linarekebishwa kirahisi, cheti cha ndoa kikishatoka ni maombi na ada na kusubiri. Mpe mdogo wangu kitambulisho chako akipige picha, mbele na nyuma, anitumie usiku huuhuu. Kesho nina zamu ya saa nane mchana, nitapita ofisini kwao asubuhi kabla ya kazi.