Hii Kutu Mnayoimwaga

Wa nyuma mnanisikia? Haya. Hii chupa wengine mmeshaiona, najua, naona mnacheka, ila nitaendelea kuibeba mpaka nieleweke kwamba kutu hii mnayoimwaga inaweza kuchuja metali zenye sumu kwenye maji. Humu ndani ni matope ya kutu tu, rangi kama mawese, yametoka kwenye maji ya mgodi.

Ukali wa maji ya mgodi mnaujua, mwamba wenye pairaiti, yale madini ya chuma na salfa, ukikutana na hewa na maji unatoa asidi, asidi inayeyusha aseniki, ile sumu, na shaba, kadimiamu, kila kitu twende. Tunachosahau ni kwamba pairaiti hiyohiyo ina chuma, na asidi ikipungua chuma kile kinaganda kuwa kutu, na aseniki ikipita karibu na kutu inang'ang'ania kama vumbi la mkaa kwenye mkono wenye mafuta.

Wheal Jane, kule Cornwall, Uingereza, ulikuwa mgodi wa bati. Ukafungwa 1991, pampu zikazimwa, maji yakawa yanapanda humo chini taratibu hakuna anayeyaona, Januari 1992 yakafumua njia yakatoka, zaidi ya lita milioni 45, mto mpaka baharini ukawa rangi ya hii chupa. Watu wakaogopa rangi. Jamani, rangi ndiyo ilikuwa na nafuu! Aseniki iliyoyeyuka huioni hata uinue glasi juani, kile chekundu ni chuma kinachoganda, na kikiganda kinazoa wenzake. Baadaye wakajenga mtambo, wanatia chokaa, asidi inapungua, chuma kinatuama na metali nyingine zinashuka nacho. Kazi ya kunasa aseniki kaifanya kutu, sifa zote kapewa chokaa.

Sasa yule ndugu pale ameshakunja uso, unachuja sumu kwa takataka? Ndiyo. Kwani sufuria nyumbani mnasugulia nini, si majivu? Lakini majivu unayachekecha kwanza. Matope ya Wheal Jane siwashauri, yameshashiba metali, natafuta yale ya migodi ya makaa ya mawe ambayo mara nyingi ni chuma karibu kitupu, na hata hayo unayaloweka kwanza, unapima yanaachia nini. Na msije mkatoka hapa mkachota magwangala ya Geita, yale mawe ya taka ya mgodi wa dhahabu, mkatia kwenye ndoo mkasema mwalimu kasema! Jiwe lenye pairaiti mbichi litawatolea asidi, mimi nazungumzia kutu iliyokwisha kuwa kutu.

Dakika mbili? Mbona nimeanza sasa hivi. Haraka basi: aseniki inanasa vizuri maji yasipokuwa na alkali nyingi, risasi na shaba zinataka pH ipande, yaani asidi ipungue, kwa hiyo chujio moja halimalizi yote, na kutu ikishashiba inabadilishwa, ile ya zamani haitupwi shambani. Matope mekundu ya viwanda vya alumini nayo yananasa metali, ila yana alkali kali balaa, Ajka kule Hungaria 2010 bwawa lake lilipasuka likaua watu 10, hiyo tutaiongea siku nyingine.

Haya, mama mwenye kitenge, uliza, na hiyo chupa naomba irudi huku mbele.