Vyacheslav Ivanov na Mita 500 za Mwisho

Ndugu wasikilizaji,

Anayevuta kafi mtumbwini huitazama njia yake, lakini mpiga makasia wa mashindano hukaa ameelekea tezi, ameupa kisogo mstari wa kumalizia, kiasi kwamba anayeongoza huwaona wote wanaomfuata, ilhali aliye nyuma hamwoni aliyemtangulia mpaka ageuze shingo. Naomba tulishike jambo hili, kwa maana bila hilo hatutaelewa kwa nini Vyacheslav Ivanov, mzaliwa wa Moscow wa mwaka 1938 aliyeanzia kwenye ndondi, bado anapendwa na watu wa mchezo huu miaka mingi baada ya kustaafu. Yeye alizoea kuwaacha wenzake watangulie, akiweka akiba ya nguvu kwa ajili ya mita 500 za mwisho kati ya mita 2000 za mbio nzima.

Novemba 1956, akiwa na umri wa miaka 18, aliingia fainali ya mashua ya mtu mmoja ya Olimpiki ya Melbourne, iliyofanyika katika Ziwa Wendouree, mjini Ballarat. Stuart Mackenzie wa Australia aliongoza mbele ya watu wa nchi yake, huku akimwona kijana yule akisogea pigo baada ya pigo, na karibu na mwisho akapitwa. Ivanov alipokabidhiwa dhahabu aliirusha juu kwa furaha, nayo ikatumbukia ziwani; akapiga mbizi kuitafuta, asiipate, na baadaye Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikampa nyingine. Kisa hicho husimuliwa kuliko ushindi wenyewe, na mimi naona ushindi umedhulumiwa, ingawa natambua kilichowagusa watu: bingwa wa dunia nzima alikuwa bado na furaha ya kitoto.

Mwaka 1960, katika Ziwa Albano karibu na Roma, alishinda tena, Mjerumani Achim Hill akiwa wa pili. Na mwaka 1962 akatwaa ubingwa wa dunia mjini Lucerne, mashindano hayo yalipofanyika kwa mara ya kwanza. Dhahabu ya tatu mfululizo ya Olimpiki, ambayo hakuna aliyekuwa amewahi kuifikia katika mashua ya mtu mmoja na ambayo Pertti Karppinen wa Finland aliifikia mwaka 1984, ndiyo iliyomgharimu zaidi.

Ilikuwa Toda, karibu na Tokyo, mwaka 1964. Hill alikuwa mbele sana, na Ivanov mwenyewe amesimulia kwamba katikati ya juhudi zile alipotewa na fahamu, kisha akazinduka na kuanza kumfuata upya. Hill alikuwa ameketi akimtazama akija. Mashua zilipovuka mstari, Ivanov ndiye aliyekuwa akimtazama Hill, aliyebaki nyuma yake kwa sekunde 3.73.