Mteremko, Maji na Hesabu ya Kompyuta

Mabibi na mabwana, mtu akikuonyesha mchoro wa kompyuta wenye rangi nzuri na kukuambia mlima huu uko imara, muulize kwanza: maji uliyaweka wapi? Asipoweza kujibu, mchoro huo usikutulize.

Chukueni bamba la mwamba lililolala juu ya ufa ulioinama digrii 30. Pembe ya msuguano ya ufa, yaani mwinamo ambao bamba kavu huanza kuteleza, ni digrii 35, na mshikamano tuseme hakuna. Mgawo wa usalama, yaani nguvu inayozuia bamba kugawanywa kwa ile inayolivuta chini, ni tanjenti ya 35 kugawanywa kwa tanjenti ya 30, yaani 1.21. Ukizidi 1, bamba linakaa. Sasa mvua inyeshe, maji yaingie ufani na kubeba asilimia 20 ya mgandamizo unaolikandamiza bamba. Msuguano unapungua kwa kiasi hicho hicho, na mgawo unashuka hadi 0.97. Mwamba ni uleule, pembe ni ileile, lakini bamba linateleza.

Programu kubwa hufanya hesabu hiyo kwa maelfu ya vipande. Njia moja inayotumika sana ni kupunguza nguvu ya mwamba kidogo kidogo, hatua kwa hatua, mpaka modeli ishindwe kupata jibu ambalo nguvu zote zinasawazishana. Kiwango cha kupunguza kilichofikiwa hapo ndicho mgawo wa usalama. Njia hiyo ni nzuri, ila kompyuta haivumbui tabaka dhaifu ambalo hukuliingiza. Sentimita chache za udongo wa mfinyanzi katikati ya mwamba wa mita 200 zinaamua kila kitu, na zinaonekana tu ukichoronga na kutoa sampuli nzima.

Bwawa la Vajont, Italia, ndilo funzo kubwa zaidi. Tangu 1960 ufa wenye umbo la M, wa karibu kilomita mbili, ulionekana kwenye mlima Toc juu ya bwawa. Wahandisi walipandisha na kushusha maji wakidhani mlima utatii. Majaribio ya maji kwenye modeli ndogo ya changarawe yaliashiria kuwa maji kufika mita 700 juu ya usawa wa bahari ni salama. Usiku wa 9 Oktoba 1963, maji yakiwa karibu na usawa huohuo, takribani mita za ujazo milioni 270 ziliporomoka kwa kasi iliyozidi mita 20 kwa sekunde. Wimbi lilipita zaidi ya mita 100 juu ya ukingo wa bwawa na kuua karibu watu 2,000. Ukuta wa bwawa ulibaki umesimama. Kilichokosewa ni kasi, na kasi inatokana na udongo ambao ukishasuguliwa hupoteza nguvu ghafla.

Ziwa letu, Victoria, hupanda na kushuka kwa miezi, si kwa siku, kwa hiyo hatari ya bwawa linalomwagwa haraka, ambapo maji ya ziwani yanaondoka yale ya ndani ya mteremko yakibaki, ni ndogo hapa Mwanza. Hatari yetu ni mawe ya granaiti juu ya vilima kama Igogo na Mabatini, na watu wanaokata chini yake ili kupata uwanja wa nyumba, kisha wanaelekeza maji ya kufulia na ya choo humohumo. Hapo usitumie modeli inayouchukulia mteremko kama udongo mmoja usiokatika. Tumia ile ya vitalu vinavyogusana, na kila jiwe lipewe umbo lake kutokana na picha za droni. Jiwe la mita za ujazo 10 lina takribani tani 26.5, likianguka wima mita 20 linafika chini kwa kilomita 71 kwa saa, kama lori lililojaa. Ukuta wa matofali hauna la kufanya.

Kisha pimeni. Bandikeni misumari miwili pande mbili za ufa na pimeni umbali kila wiki, na kila siku wakati wa mvua. Kisha chora 1 kugawanywa kwa kasi: mwendo ukiwa milimita 2 kwa siku, chora 0.5, ukiwa 4, chora 0.25. Mstari huo wa kinyume cha kasi ukielekea sifuri, pale utakapokutana na mhimili wa muda ndipo poromoko linapokadiriwa. Mstari hupinda, na mvua moja huuvuruga, kwa hiyo msingoje tarehe. Kasi ikiongezeka siku tatu mfululizo, familia zilizo chini zihame, na nani atakayewaambia awe amekubaliwa kabla ya masika.