Ukinogewa muda unaenda wapi?

ZUHURA: Haya wapendwa karibuni tena, leo tunaongelea ile hali ya kuzama kwenye kitu mpaka unasahau hata kula. Niko na mdogo wangu Beka kama kawaida.

BEKA: Shikamoo dada.

ZUHURA: Marahaba, leo una adabu. Anza basi, mada si umeileta wewe.

BEKA: Nimeileta kwasababu ya wale wazee wa bao pale pembeni ya duka la mangi. Wanakaa pale toka alasiri, adhana ya magharibi ikilia ndo wanashtuka kumbe kushakuwa giza, afu ukiwatizama wamekunja sura kabisa, mgeni akipita anaweza dhani wanadaiana. Ila jaribu kumuamsha mmoja pale uone.

ZUHURA: Mi huwa najiuliza, ile ni raha au wanakimbia majukumu nyumbani?

BEKA: Hahaa, subiri. Kuna mwanasaikolojia mmoja anaitwa Mihaly Csikszentmihalyi...

ZUHURA: Nani?

BEKA: Chik-sent-mi-hayi, usinirudishe tena nimefanya mazoezi wiki nzima. Kazaliwa 1934, familia ya Kihangari, vita kuu ya pili ikamkuta Italia bado mtoto, huko kwenye kambi ya wafungwa akajifunza chesi, akagundua akiwa anacheza yale mabalaa ya nje yanakuwa hayamfikii. Ukubwani akaenda Marekani kusoma, Chicago, na miaka ya 60 akawa anachunguza wachoraji. Kilichomshangaza, mtu anachora hali chakula wala halali, picha ikiisha tu anaiegemeza ukutani huko, hana habari nayo, anatafuta nyingine ya kuanza.

ZUHURA: Enhee hapo nimemuelewa. Mi foronya zangu nikishamaliza kudarizi zinalala kabatini, wageni wenyewe hawazioni. Lakini nikiwa nayo kwenye fremu usinisemeshe. Unajua uzi ukiuvuta sana kitambaa kinajikunja, ukiulegeza lile ua linalala hovyo kama limemwagiwa maji, kwahiyo kila sindano inapopita unaona hapo hapo umepatia au umeharibu. Huwezi kuwaza kodi ya nyumba na jani la waridi kwa wakati mmoja.

BEKA: Umeona sasa, ndo lenyewe! Kinachokuzamisha ni hicho, unajua unataka nini, na kazi yenyewe inakujibu saa hiyo hiyo. Bao nalo hivo hivo, kete 64, mashimo 32, unaanza na kete 22 mkononi, ukigawa ya mwisho unajua umekula au umelala, hakuna cha kusubiri matokeo. Na cha tatu ni ugumu, ukicheza na mtoto anayejifunza unapiga miayo, ukikutana na fundi kabisa anakumaliza mpaka unachukia, utamu unakuja mkiwa mnalingana au kakuzidi kidogo tu.

ZUHURA: Sawa, hayo ni bao na kudarizi, vitu vya kupenda mwenyewe. Kuosha vyombo je? Maana wengi wetu siku inaishia huko.

BEKA: Huyo mzee mwanasaikolojia alikutana na jamaa wa kiwandani, kazi yake ni ile ile moja, inatakiwa iishe kwa sekunde 43, anairudia karibu mara 600 kwa siku. We si ungeumwa kichwa? Yeye akaigeuza mchezo, akapanga vifaa vyake, akapunguza mikono isiyo na kazi, siku yake bora wastani ukafika sekunde 28. Anasema hata tv haimpi ile raha.

ZUHURA: Na bosi akamuongezea mshahara?

BEKA: Ah, hiyo...

ZUHURA: Mi nauliza tu, maana hapo naona kuna mtu anafaidi kuliko yeye. Kazi mbaya inabaki mbaya bwana hata kama umeifanyia ufundi.

BEKA: Nakubali. Ila sikia hii, yeye na wenzake walikuwa wanawapa watu peja, kile kidude cha zamani cha kupokea ujumbe, inalia muda wowote, ikilia unaandika unafanya nini na unajisikiaje. Mwaka 1989 yeye na mwenzake wakatoa majibu, watu walikuwa wanazama vile mara nyingi zaidi kazini kuliko kwenye mapumziko yao, na huku wako kazini wanatamani wangekuwa kwingine! Tukitoka job tunakimbilia kochi, na kochi halitupi kitu.

ZUHURA: Kochi na simu. Na hapo ndo utanieleza vizuri, maana simu nayo inameza muda, nafungua video moja nikija kushtuka wali umeungua. Mbona siinuki na furaha?

BEKA: Kwasababu simu haikutaki ujue chochote dada, kidole kinasukuma tu. Haina ugumu wa kukulingana, huongezeki. Mashine za kamari hivo hivo, mtu amezama kweli kweli ila anatoka mfuko mtupu na macho mekundu.

ZUHURA: Umesema vizuri, ila kuna kitu huyo mzee wako na wazee wa bao wote wameruka. Kuzama kunataka muda ambao hamna mtu anakukata. Wale wazee wanazama kwasababu kuna mtu nyumbani anasonga ugali na kuogesha wajukuu, mimi nikishika sindano dakika mbili mama chaja iko wapi, mama kanipiga, mara muuza samaki anagonga. Kwahiyo usinambie tatizo langu sijui kutulia.

BEKA: Hapo sina jibu.

ZUHURA: Sitaki jibu, nataka mjomba wao aje awachukue.

BEKA: Haya, Jumapili naja, nawapeleka Coco Beach.

ZUHURA: Saa ngapi?

BEKA: Mchana mchana hivi...

ZUHURA: Saa nne asubuhi, na wasirudi kabla ya magharibi. Wasikilizaji mmesikia, imerekodiwa hii.