Utando Unaojiondokea Wenyewe

Wenzangu madaktari wa meno, shimo linaloachwa na gego lililong'olewa, kama kuta zake ni nzima, halina haja ya ujanja wetu wa kuweka utando, yaani kizuizi chembamba kati ya ufizi na mfupa. Damu igande, mgonjwa asisukutue kwa nguvu wala asivute sigara, basi. Mimi nasema na nyinyi juu ya shimo ambalo ukuta wake wa upande wa shavu umeliwa na usaha. Hapo ufizi, ambao hukua upesi, hutumbukia ndani, na mfupa, ambao hujikongoja kwa miezi, hukuta nafasi imeshakaliwa.

Mwaka 1982, kule Göteborg, Uswidi, Sture Nyman na wenzake waliweka kizuizi cha karatasi ya kuchujia kati ya ufizi na mzizi wa jino. Ufizi ukazuiwa, na tishu zinazoshika jino zikapata wasaa wa kuota upya. Baadaye, badala ya karatasi hiyo, zikaja tando za aina ya tefloni, ambazo haziyeyuki mwilini. Zilifanya kazi, lakini mgonjwa alipasuliwa tena ili zitolewe. Nani anapenda kukatwa mara mbili?

Ndiyo maana leo tunatumia zaidi tando za kolajeni, protini inayotolewa kwa wanyama, ambayo vimeng'enya vya mwili huimeng'enya kidogo kidogo. Kateni utando upite ukingo wa shimo milimita mbili tatu, upande laini uelekee ufizi, ule wenye vinyweleo uelekee mfupa. Shoneni bila kuvuta ufizi kwa nguvu. Kidonda kikifunuka, bakteria huula utando kabla ya wakati wake, na mfupa unabaki bila mlinzi.

Sasa aibu yangu. Mzee mmoja wa hapa pwani, nimeshamaliza kumshona, akaniuliza: "Mwanangu, kitu hiki kimetoka kwa mnyama gani?" Nikaenda kusoma boksi. Nguruwe. Sikuwa nimemuuliza, na tando za ng'ombe zipo! Tangu siku hiyo nauliza kabla ya sindano ya ganzi.

Ipo pia njia ya kuchota damu ya mgonjwa mwenyewe, kuizungusha kwenye mashine na kukandamiza fibrini yake, yaani nyuzi za damu iliyoganda, iwe utando. Ni rahisi, haina swali la mnyama, ila huyeyuka ndani ya wiki moja au mbili, kwa hiyo msiitegemee kulinda mfupa kwa miezi. Yule mzee nilimweleza hayo yote aliporudi na jino la pili. Kabla hajakaa kitini alikuwa ameshakunja mkono wa kanzu.